Ufunguo wa Ukumbi: Nani Huruhusu Vijana wa Nakuru Wacheze?

Wengi wenu mmeniuliza ile sherehe yetu ya likizo ya Agosti iliendaje, na mbona sikuweka video hata moja. Leo nitawaambia, lakini nitapitia mbali kidogo. Kilichonishangaza zaidi kilitokea wiki tatu kabla ya muziki kuanza, mlangoni pa ukumbi wa mtaa, nikiwa nimesimama na barua mkononi mbele ya mzee mwenye funguo.

Wazo lenyewe lilikuwa dogo tu. Sherehe ya densi ya vijana, mchana, saa nane hadi saa kumi na mbili. Soda na maandazi, hakuna pombe. Kiingilio bob mia. Mimi nina miaka 21, na kati ya mbogi ya watu watano tulioipanga, hakuna aliyewahi kupanga hata birthday ya mtu. Tulikuwa tumechoka kusikia kwamba vijana wa Nakuru hawana pa kwenda Jumamosi isipokuwa klabu, ambako nusu ya marafiki zetu hawaruhusiwi kuingia kwa sababu hawajafika 18, au kwenye nyumba za kukodi za usiku mmoja, ambako hakuna mtu mzima anayejua uko hapo. Mmesikia hadithi za hizo nyumba. Sitazirudia.

Nilipompa mzee barua, sikumsikia akiuliza tutapiga muziki gani. Wala hakuuliza spika ni kubwa kiasi gani. Alivua miwani, akaniangalia, akasema, “Na hawa watu, msichana wangu, ni akina nani watakuja?”

Nikadhani ni swali lake tu. Nikaenda kwa chifu: nani watakuja? Nikamwambia mathe: na nani watakuja? Mama wa rafiki yangu alinipigia simu, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani, kisha kukawa na kimya kidogo. Nikajua linakuja. Nani watakuja?

Usiku ule nilikaa na shosh yangu, aliyezaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Subukia, nikamlalamikia. Akacheka mpaka akakohoa. “Hata sisi tuliulizwa hivyo,” akasema. “Na mama yangu pia.” Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na ndio maana mnasoma posti ndefu badala ya kuona video.

Tuanzie na reli. Iliingia Nakuru mwaka 1900, na kufikia 1904 mahali hapa palikuwa pameshatangazwa kuwa mji. Mashamba yote ya kuzunguka, kuanzia Njoro, Molo, Subukia, Solai hadi Bahati, yaligawiwa masetla. Na setla akishapata shamba alitaka na mahali pa kucheza. Mwaka 1907 ilianza ile klabu yao ambayo leo tunaijua kama Rift Valley Sports Club. Kriketi mchana, vinywaji jioni, densi usiku. Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba trei. Swali la “nani watakuja” lilikuwa limejibiwa kabla hata halijaulizwa.

Kama umesoma shule hapa Nakuru umepelekwa tripu kwenye kasri la Lord Egerton kule Ngata, usibishe. Yule bwana alianza kulijenga mwaka 1938, vita vikamkatiza, akalimaliza 1954. Ndani kuna ukumbi wa densi wa kifahari, sakafu ya mbao, na kinanda kikubwa cha mabomba kama cha kanisa. Hadithi tunayosimuliwa sote na waongozaji ni kwamba alimjengea mwanamke aliyemkataa, na baada ya hapo hakutaka kuona mwanamke ndani ya boma lake. Mapenzi yenyewe siwezi kuyathibitisha, hiyo ni habari ya waongozaji. Ila fikiria tu: ukumbi wa densi wa mtu asiyetaka kumkaribisha yeyote wa kucheza naye. Alikufa 1958. Siku hizi watu wanafanyia harusi pale na kupiga picha kwenye ngazi. Nikiwa darasa la sita nilivua viatu nikateleza na soksi kwenye ile sakafu, mwalimu akaniona. Haidhuru.

Sasa geuka uangalie upande wa pili wa ua, kwenye vibanda vya wafanyakazi.

Watu wa shosh yangu walikuwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwafunga: ukitaka kukaa na kulima kwenye shamba la mzungu, wewe na jamaa yako, lazima umfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Baadaye siku zikaongezwa, na mifugo yao ikapunguzwa kwa nguvu. Ukitaka kuelewa hayo kwa undani, tafuta kitabu cha mwanahistoria Tabitha Kanogo kuhusu maskwota wa Bonde la Ufa, kilichotoka 1987. Jambo ninalotaka mlishike ni hili: ardhi iliyo chini ya miguu yao haikuwa yao. Ukipiga ngoma, unaipiga kwenye uwanja wa mtu, na huyo mtu anaweza kutoka na bunduki au mbwa akasema basi. Kwenye miji nako ngoma ilihitaji kibali cha mkubwa. Kwa hivyo ile barua yangu na muhuri wa chifu ni mjukuu wa kitu cha zamani sana.

Na wakubwa walikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 1929 ulitokea wimbo wa densi kule Ugikuyuni ulioitwa muthirigu. Vijana waliucheza na kuongeza maneno yao wenyewe kila mahali, wakiwataja wamishonari na machifu na kuwacheka waziwazi. Ilikuwa wakati wa mvutano mkali kuhusu ukeketaji wa wasichana. Wamishonari waliupinga, na wengi wa waliokuwa wakicheza muthirigu waliutetea. Mimi kwenye jambo hilo siko upande wa wachezaji, na sitawapamba kwa sababu tu walikuwa vijana na walikuwa na midundo. Lakini angalia serikali ilivyojibu. Januari 1930 iliupiga marufuku. Wimbo! Watu wakakamatwa kwa kuucheza. Serikali yenye askari, reli na benki iliona hatari kwenye duara la vijana wanaopiga miguu chini, na nadhani iliona sawasawa. Pale kwenye duara ndipo watu walipojua wako wangapi.

Sasa hapa ndipo ninapopenda zaidi. Ukifunga densi moja, vijana hawakai chini. Katika miaka ya 1930 na 1940 ikaibuka mwomboko.

Mnaijua mwomboko. Ni ile wazee wanacheza siku za taifa uwanjani, wamevaa kofia na makoti, mzee mmoja anavuta kodiani na mwingine anagonga karing'aring'a, ule mduara wa chuma, kwa kijiti cha chuma. Wanaume na wanawake wawili wawili, hatua mbili, wanainama kidogo, wanageuka. Tunaiona tunasema, aah, utamaduni, tunachukua simu tunatafuta kitu kingine. Sasa sikiliza. Kodiani ililetwa na wazungu. Kushikana wawili wawili, mwanamume na mwanamke, uso kwa uso, kulitoka kwenye densi za wazungu, zile waltz na densi za Waskoti ambazo wafanyakazi waliziona kwenye mashamba na askari waliziona jeshini. Vijana wakachukua ile hatua, wakaishusha magotini, wakaweka chuma badala ya ngoma, wakaimba kwa lugha yao mambo ya kwao. Wazee wa wakati ule walichukia. Kushikana mkono na msichana hadharani? Ilikuwa ni aibu ya karne. Yaani kile tunachokiita utamaduni wa wazee kilikuwa bash ya vijana, na kilianza na mtu kuchungulia dirisha la karamu ambayo hakualikwa.

Nilimuuliza shosh kama aliicheza. Akasema mama yake alimkataza. Nikamuuliza tena kama aliicheza. Akaomba nimletee chai.

Tukitoka hapa tushuke barabara ya Kericho, maana Bonde la Ufa si la jamii moja, na hadithi hii ikibaki kwa Wagikuyu peke yao itakuwa ya uongo. Mwaka 1950 mtu mmoja aliyeitwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka Afrika nzima akirekodi muziki, alifika Kapkatet kwa Wakipsigis. Wasichana wakamwimbia wimbo kuhusu kiumbe kinachoitwa Chemirocha. Huyo Chemirocha alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, aliyekufa 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huko na gramafoni. Sauti yake ile ya kupanda na kushuka iliwashangaza watu, jina lake likapita midomoni likawa Chemirocha, na kwenye wimbo wa wasichana akawa nusu mtu nusu swala. Na wale wasichana, kwa jinsi Tracey alivyoeleza, walikuwa wanamwomba aje acheze, aruke kwa nguvu mpaka nguo zimtoke.

Isikilize, ipo mtandaoni, dakika moja na nusu hivi. Kinubi kinajirudia na sauti za wasichana zinaingia na kutoka. Nilipoisikia mara ya kwanza nilikuwa kwenye matatu ya Kaptembwo na nusura nipitilize steji.

Fikiria orodha ya wageni ya hao wasichana. Hawakumwalika kijana wa kijiji jirani ambaye wazazi wangejua ukoo wake. Walimwalika mtu aliyekufa, kutoka nchi ambayo hawajaiona, mwenye miguu ya swala. Mzee yupi angekaa mlangoni kumchunguza huyo?

Miaka miwili tu baadaye kila kitu kikafungwa. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Mashambani mwa Nakuru maskwota Wagikuyu walifukuzwa kwa maelfu, wengine wakazuiliwa, na waliobaki walihitaji pasi kutembea. Usiku hutoki. Hali hiyo iliendelea mpaka Januari 1960. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 ilipoanza alikuwa na 19 ilipoisha. Ujana wote, bila usiku mmoja wa halali wa kucheza nje. Shosh ana njia yake ya kusema hivyo: “Mimi sikuwa msichana. Nilikuwa mtoto, halafu nikawa mama.” Hakuongeza kitu, na mimi sikumsukuma.

Wakati huohuo, na hili sikulijua kabisa, wakoloni walikuwa wanajenga kumbi. Baada ya vita vya pili vya dunia walianza kuona kwamba vijana wa Kiafrika mijini wana muda, wana mshahara kidogo, na wana maneno. Dawa yao ikawa ukumbi wa jamii: mahali pa kusoma gazeti, kuonyeshwa sinema, kucheza ngumi, na ndiyo, kucheza densi chini ya macho ya ofisa. Nairobi walikuwa na Pumwani Memorial Hall na ukumbi wa Kaloleni. Vijana wakavaa suti na gauni, wakacheza densi za wawili wawili kwa ustadi mkubwa. Serikali ilitaka wasizungumze siasa. Lakini Kaloleni ukawa pia ukumbi wa mikutano ya siasa. Ndivyo ilivyo ukimpa kijana ufunguo, huwezi kumpangia kila atakachofanya humo ndani.

Leo ukitembea Nakuru bado utazikuta kumbi za namna hiyo mitaani. Menengai Social Hall ipo hadi sasa. Wengi wenu mmeingia humo kwa usajili, au kwa mkutano wa mazishi, au kumsikiliza mwanasiasa. Ni lini mara ya mwisho uliingia ukumbi wa mtaa kucheza? Mimi kabla ya Agosti nilikuwa sijawahi hata mara moja.

Baada ya uhuru mambo yalifunguka, na hapo sitakaa sana kwa sababu wazazi wenu wanajua kuliko mimi. Nairobi walikuwa na studio ya Equator, na Daudi Kabaka akawapa watu twist ya Kiafrika, yenye mdundo uliotoka upande wa Afrika Kusini. Wimbo wake Helule Helule ulipendwa hadi kundi la Uingereza, The Tremeloes, likaurekodi upya mwaka 1968. Yaani ile njia ya kodiani ikageuka, sasa wao ndio waliokuwa wanachungulia kwetu. Pale Kericho familia ya Chandarana ilikuwa na duka na lebo ya santuri, ikirekodi wanamuziki wa Kikalenjin, Wajaluo, Waluhya, wote. Sherehe ya mtaani ilihitaji mtu mmoja mwenye gramafoni na betri, na mwingine mwenye ua wa kutosha.

Mathe yangu ni wa miaka ya tisini. Kwao kulikuwa na disko za mchana, Jumapili baada ya kanisa, klabu ikifungua mlango kwa vijana na kuuza soda. Anasema ulikuwa unaficha nguo za kucheza ndani ya begi la nyimbo za kwaya. Hizo disko zilipungua polepole, na mwaka 2010 ikaja sheria iliyomaliza kazi.

Mnaiita sheria ya Mututho. John Mututho alikuwa mbunge wa Naivasha, wa hapa kwetu, na ndiye aliyepeleka mswada wa kudhibiti vileo. Baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za wiki, saa nane mchana wikendi, zifungwe saa tano usiku. Aliye chini ya miaka 18 asikanyage mahali pombe inapouzwa. Nitasema kitu ambacho baadhi yenu hamtapenda: ilikuwa sheria nzuri. Nimezika jirani kwa sababu ya pombe ya bei rahisi. Siwezi kuja hapa kulilia klabu ifungulie watoto wa form two mlango.

Lakini mlango ule ulipofungwa, hakuna aliyefungua mwingine. Kumbi za mtaa zilikuwepo, zimefungwa kwa kufuli. Hakuna aliyesema, sawa, watoto hawa wachezee wapi basi? Kwa hivyo wakahamia kwenye nyumba za kukodi. Na kituko ni kwamba Naivasha ileile iliyotupa sheria hiyo, tangu Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, ndiyo imekuwa wikendi kubwa ya sherehe nchini. Watu wazima wana hela na wana gari, basi kwao ni utalii. Kijana wa miaka 16 akitaka kucheza masaa manne mchana, huyo ni tatizo la usalama.

Halafu ikaja korona. Kafyu tangu tarehe 27 Machi 2020, na mwaka uliofuata Nakuru tukafungiwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos kuanzia mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Mei. Kafyu iliondolewa lini? Tarehe 20 Oktoba 2021. Angalia ile tarehe ya 1952 hapo juu. Nilipoona hivyo nilimsomea shosh, akasema, “Ya kwenu ilikuwa fupi.” Siwezi kubishana. Desemba mosi ya mwaka huohuo Nakuru ikapewa hadhi ya jiji, la nne Kenya. Jiji, na ukumbi bado una kufuli.

Kuna jambo moja nimelizunguka tangu mwanzo wa posti hii. Lazima nilifikie.

Nakuru ukiulizwa “nani watakuja”, mara nyingi unaulizwa kabila. Hakuna anayelitamka. Lakini mwisho wa Januari 2008 mji huu ulichomeka. Majirani walitokana, serikali ikaweka kafyu, na Showground yetu, pale tunapoenda kuona ng'ombe na kupanda bembea, pakawa kambi ya maelfu ya watu waliokimbia makwao. Mimi nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka moshi na nakumbuka kulala na viatu. Wazazi wa rafiki zangu wanakumbuka zaidi, wa kila upande, na kila mmoja ana mtaa ambao hadi leo mtoto wake akitaja anakaza uso. Mama aliyenipigia simu alikuwa anaishi mtaa mmoja kabla ya 2008, na sasa anaishi mwingine. Nilipolitambua hilo, hasira yangu iliisha. Hakuwa anauliza kama kutakuwa na bangi. Alikuwa anauliza kama mwanawe atakuwa peke yake humo ndani.

Nikamwambia ukweli. Kwamba watakuja kutoka Kaptembwo, Rhonda, Free Area, Langa Langa, Shabab, Lanet, na wengine kutoka London (wageni, huo ni mtaa wetu, si kule kwa mfalme). Kwamba sitawapanga, wala sitauliza mtu jina la pili mlangoni. Nikamwambia anaweza kuja kukaa kwenye kiti kule nyuma. Akakaa kimya tena. Kisha akasema ataleta maandazi.

Kwa hivyo, sherehe yenyewe.

Nilirudi kwa mzee na barua zote: ya chifu, ya polisi, na kibali cha kelele, kwa sababu kuna kanuni za kelele tangu 2009 na hilo sikulijua mpaka nilipoambiwa. Mzee akafungua daftari lake kubwa la jalada gumu. Tarehe, jina, simu, shughuli. Nikamwona anaandika: Mkutano wa vijana.

“Mzee, si mkutano. Ni densi.”

“Najua ni densi.” Akafunga kalamu. “Lakini nikiandika densi, kesho nitaitwa nieleze. Mkutano hauna shida.”

Alinigeuzia kurasa za nyuma. Mkutano wa chama. Mkutano wa mazishi. Mkutano wa kanisa. Mkutano wa vijana, mkutano wa vijana, mkutano wa vijana, kwa miandiko tofauti. Nikamuuliza, hizi zote zilikuwa mikutano kweli? Mzee akaangalia dirishani.

Walikuja watu 118. Tulikuwa tumetarajia 60. Saa moja ya kwanza ilikuwa mbaya, sitawadanganya: wavulana ukuta huu, wasichana ukuta ule, na kila mtaa kona yake, kila mtu anaangalia simu. DJ wetu, mwenye miaka 17, alijaribu amapiano, akajaribu arbantone, akajaribu gengetone ya 2018. Watu walitikisa vichwa tu. Wamama watatu walikaa nyuma na maandazi yao kama majaji wa korti.

Saa kumi na dakika kumi stima ikapotea.

Kimya. Niliona bob zangu zote zikitoka mlangoni. Halafu mtu fulani, mpaka leo sijajua ni nani, akachukua chupa ya soda yenye mikunjo na kifunguo akaanza kuikwaruza. Krr-krr-ka, krr-krr-ka. Wale mnaofuata muziki wa zamani wa Kiluhya mnajua hiyo chupa ina historia yake. Wapiga gita wa omutibo, watu kama George Mukabi, walikuwa nayo kwenye santuri zao. Huyu kijana sidhani alijua. Mwingine akapiga meza. Watu wakaanza kupiga makofi, kisha miguu, na sakafu ya ukumbi ule ni ya mbao na chini ni wazi, kwa hivyo miguu 200 na zaidi ikipiga pamoja unaisikia kwenye meno. Zile kona zikavunjika kwa sababu bila spika ilibidi kukaribiana ndio usikie. Mmoja wa wale wamama akasimama. Sitasema alicheza nini. Alikuwa na hatua mbili, anainama kidogo, anageuka.

Hakuna video kwa sababu simu zilikuwa mifukoni, yangu pia. Stima ilirudi saa kumi na moja na nusu na watu wakaipigia kelele izimwe.

Hesabu: kiingilio kilileta 11,800. Ukumbi, spika, soda, vibali na usafiri vilikula 13,140. Tulipoteza 1,340, na kiti kimoja cha plastiki kilichovunjwa na mtu ambaye nitampata. Hakuna aliyepigwa. Wawili walitapika, kwa sababu ya maandazi mengi na si kitu kingine, nilikuwa pale. Saa kumi na mbili na nusu mzee alikuja na funguo, akakuta tunafagia. Hakusema lolote kuhusu kelele. Aliuliza kama maandazi yamebaki.

Wiki iliyopita nimelipa rubuni ya tarehe nyingine, Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Desemba. Mzee alikuwa anakunywa chai, akanisukumia daftari nijaze mwenyewe. Tarehe, jina, simu. Kwenye shughuli nimeandika densi. Aliisoma, akapiga muhuri, akaendelea na chai yake.